Mafuta ya alizeti yamechujwa lakini hayajatakata: kusoma dalili za miseli

Kuna matatizo ya mafuta ya alizeti ambayo hayatibiki kwa kuchuja tena. Mafuta yanang'aa yakitoka mashineni, baada ya wiki kadhaa yana utelezi chini ya dumu. Yakiwekwa kwenye karai yanapanda povu mpaka yanamwagika. Yakipata moto mkali yanageuka rangi ya kahawia kabla hata andazi la kwanza halijaingia. Mkamuaji anabadilisha kitambaa, anachuja mara ya pili na ya tatu, na tatizo liko palepale. Haliondoki kwa sababu kinacholileta ni kidogo mno kuliko tundu la kitambaa chochote. Ni mafungu ya molekuli yanayojipanga yenyewe ndani ya mafuta, na jina lake ni miseli.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi wenye mashine ndogo za Singida, Dodoma na Manyara, ambako alizeti inasomesha watoto na kujenga nyumba. Anayekamua soya ataona dalili hizihizi, tena kwa ukali zaidi, maana soya ina gundi nyingi kuliko alizeti. Jambo la kushika tangu mwanzo ni moja: miseli za ndani ya mafuta zinaishi kwa maji. Kwa kila dalili iliyo hapa chini, swali la kwanza ni maji yako wapi, na ni kiasi gani.

Kinachoendelea ndani ya dumu

Kila seli ya mbegu imezungukwa na utando uliojengwa kwa fosfolipidi. Ukikamua mbegu, sehemu ya fosfolipidi hizo hutoka pamoja na mafuta, na ndizo wasafishaji wa mafuta wanaziita gundi. Molekuli moja ya fosfolipidi ina kichwa chenye fosfeti, kinachopenda maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta, inayopenda mafuta. Molekuli za tabia hii ya pande mbili huitwa safaktanti. Sabuni ni ya ukoo huohuo.

Ukiweka safaktanti ndani ya maji, mikia hujificha katikati na vichwa hutazama nje. Hizo ndizo miseli za kawaida, zile zinazobeba uchafu wa mafuta wakati wa kufua. Ndani ya mafuta mpangilio hupinduka. Vichwa hukimbilia katikati, mikia hutanuka nje kuelekea mafuta. Umbo la molekuli lenyewe linasaidia: kichwa cha fosfolipidi nyingi ni kidogo kikilinganishwa na unene wa mikia yake miwili, kwa hiyo zikikusanyika huwa rahisi kwao kujikunja kuzunguka vichwa.

Nguvu inayozikusanya nayo ni tofauti, na hapa ndipo watu wengi waliosoma kemia ya sabuni hupotea. Ndani ya maji, ni maji yenyewe yanayoisukuma mikia pamoja. Mafuta hayana msukumo huo. Kinachovuta miseli ya ndani ya mafuta ni vichwa: chaji zake, ncha zake chanya na hasi, na vifungo vya haidrojeni. Mvuto huo ni wa wastani tu, kwa hiyo miseli kavu huwa ndogo na hazina ukubwa mmoja. Safaktanti inayotumiwa sana maabara kwa kazi hii, AOT, ikiwekwa kwenye isooktani (kimiminika cha jamii ya petroli) bila maji hukusanyika molekuli ishirini na kitu tu kwa fungu. Miseli nyingi za sabuni ndani ya maji hufikisha 50 hadi 100.

Sasa ongeza maji. Maji hayapendi mafuta. Mafuta ya mbegu kwenye joto la kawaida huyeyusha takriban gramu 1 tu ya maji kwa kilo. Maji yakikuta vichwa vya safaktanti vimekusanyika, huingia katikati na kuwa kidimbwi. Kidimbwi hicho huvifunga vichwa pamoja kwa nguvu zaidi na kuivimbisha miseli. Kwa AOT jambo hili limepimwa vizuri: ukiweka molekuli 10 za maji kwa kila molekuli ya AOT, nusu kipenyo cha kidimbwi ni karibu nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ukiweka 40, kinafika karibu nanomita 7. Ukubwa wa miseli unafuata maji.

Linganisha na kitambaa cha kuchujia, ambacho matundu yake hupimwa kwa mikromita, na mikromita moja ni nanomita elfu. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, kwa hiyo miseli ya nanomita chache haiuzuii. Ndiyo sababu mafuta yanaweza kuwa angavu kabisa na bado yamejaa gundi. Ushahidi mzuri kwamba miseli hizi zipo kweli unatoka kwenye viwanda vinavyotoa mafuta kwa hekseni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Molekuli moja ya fosfolipidi ina uzito unaokaribiana na wa molekuli ya mafuta, na hakuna chujio ambalo lingezitenganisha. Lakini utando maalumu wa kuchujia hupitisha mafuta na kuzuia fosfolipidi, kwa kuwa fosfolipidi zinasafiri kwa mafungu.

Inahitajika gundi kiasi gani ili miseli zianze? Kwa fosfatidilikolini, aina moja ya fosfolipidi, kwenye mafuta ya soya yaliyosafishwa, kiasi kilichopimwa ni karibu nusu gramu tu kwa kilo. Mafuta ghafi ya kawaida huvuka hapo bila shida. Maabara ikikupa jibu la fosforasi, iliyomo kwenye vichwa vya gundi, lizidishe kwa 30 upate fosfolipidi kwa makadirio: miligramu 100 za fosforasi kwa kilo ni takriban gramu 3 za gundi kwa kilo.

Dalili: mafuta yana ukungu

Hapa watuhumiwa ni watatu, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Usianze kutibu kabla hujajua ni yupi.

Chukua chupa ya kioo safi na kavu, jaza mafuta nusu, iweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 hadi 60 kwa robo saa. Ukungu ukitoweka kabisa, kisha ukarudi mafuta yakipoa usiku, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nta. Nta ya alizeti hutoka zaidi kwenye ganda la mbegu, na huganda kukiwa na baridi. Singida iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,500, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai unatosha kuleta ukungu ambao Dar es Salaam usingeonekana. Nta haihusiani na miseli wala haina madhara kwa mlaji. Ukitaka kuiondoa, yapoze mafuta taratibu hadi nyuzi kama 5 hadi 10, yaache saa nyingi, kisha chuja yakiwa baridi. Kukoboa ganda kabla ya kukamua hupunguza nta tangu chanzo.

Ukungu usipotoka kwa joto hilo, pasha mafuta machache kwenye kijiko cha chuma juu ya moto mdogo. Yakitatarika na kurusha matone, yana maji. Umbali kati ya macho na kijiko uwe wa kutosha. Mizani ikiwapo, pima sampuli, ikaushe kwenye tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, pima tena. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mafuta ya mbegu kinaruhusu unyevu na vitu vinavyoruka usiozidi asilimia 0.2. Ukizidi hapo, fahamu kwamba maji hayo mara nyingi hayakuingia peke yake. Gundi ndiyo inayoyashikilia. Mafuta yasiyo na gundi huyaacha maji yazame chini yenyewe.

Mtuhumiwa wa tatu ni gundi iliyovimba nusu: imekunywa maji kiasi cha kuonekana lakini si kiasi cha kuanguka. Ukungu wake ni wa maziwa mepesi, wakati mwingine una rangi ya buluu kidogo ukiutazama mwanga ukipita pembeni. Rangi hiyo inaonyesha chembe ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, ambazo tayari zimekuwa kubwa kiasi cha kuutawanya. Kwa huyu, nenda kwenye dalili inayofuata.

Dalili: mafuta yalikuwa safi, sasa kuna utelezi chini

Hii ndiyo dalili inayowavunja moyo wakamuaji wengi, kwa sababu mteja huona kama alidanganywa. Mafuta yalitoka angavu, yakakaa dukani, yakavuta unyevu wa hewa kila dumu lilipofunguliwa. Unyevu ukaingia kwenye miseli, miseli zikavimba, zikagusana, zikashikana, zikazama. Gundi ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kilichoongezeka ni maji.

Mara nyingi chanzo chake ni nia njema: mkamuaji ameyachemsha mafuta mapya ili kukausha maji, akidhani anayasafisha. Anapoyakausha kabla ya kutoa gundi, anaondoa maji kwenye miseli, zinanywea, gundi inarudi ndani ya mafuta na kutoonekana. Mafuta yanang'aa. Anafurahi, anauza. Kukausha ni hatua ya mwisho, baada ya gundi kutoka. Kukifanywa kwanza kunaficha tatizo.

Dawa ni kuyatia mafuta maji kwa makusudi, mapema, kabla hewa haijafanya kazi hiyo kwa ratiba yake. Najua wengi husita hapa, maana tumefundishwa kwamba maji na mafuta ni maadui. Lakini gundi haitoki kwa njia rahisi zaidi ya hii. Unaipa maji mpaka iache kuwa mali ya mafuta.

Fanya hivi. Pasha mafuta yaliyochujwa hadi nyuzi 65 au 70. Yapime kwa kipimajoto. Kamwe usitie maji kwenye mafuta yaliyopita nyuzi 100, yatalipuka usoni. Ongeza maji safi ya moto, asilimia 2 ya uzito wa mafuta. Dumu la lita 20 lina mafuta ya kilo 18 na ushee, kwa hiyo ni kama mililita 370 za maji. Koroga kwa nguvu kidogo dakika moja ili maji yaenee, halafu punguza, koroga polepole dakika 20 hadi 30. Utaona vipande vya rangi ya njano au kahawia vinaanza kutokea kama maziwa yanayoganda. Acha mafuta yatulie bila kuguswa usiku kucha. Asubuhi mimina mafuta ya juu taratibu kwenye chombo kingine na uache tope lote chini.

Kwa nini nyuzi 65 hadi 70? Mafuta ya baridi ni mazito na vipande havizami. Yakiwa ya moto kupita kiasi, mvuto wa vichwa hulegea na sehemu ya gundi hubaki ndani ya mafuta. Hii ni tabia ya miseli za ndani ya mafuta kwa jumla: joto linazitawanya.

Tope lililobaki lina thamani. Viwanda hulikausha na kuliuza kama lesithini, ile inayotiwa kwenye chokoleti na maziwa ya unga. Kwa mashine ndogo, kulichanganya likiwa bichi na mashudu ni matumizi mazuri, mradi mashudu hayo yaliwe au yakaushwe upesi kabla hayajaota ukungu.

Dalili: nimetia maji, kilichotoka ni kidogo, na mafuta bado yanaleta shida

Fosfolipidi hazifanani. Kuna zinazokunywa maji haraka na kuna zinazokataa karibu kabisa. Kasi zao zimewahi kupimwa na kulinganishwa: ukiipa fosfatidilikolini alama 100, fosfatidiliinositoli hupata 44, fosfatidilietanolamini 16, na asidi ya fosfatidi 8.5. Mbili za mwisho zikishikwa na kalsiamu, alama huporomoka hadi 0.9 na 0.6. Kalsiamu na magnesiamu hukaa kwenye kichwa chenye chaji, huifunga chaji ile, na maji hayaoni tena sababu ya kuingia. Miseli iliyojengwa kwa chumvi hizi hubaki kavu, ndogo, na imetulia ndani ya mafuta.

Zinatoka wapi nyingi kiasi hicho? Kwa wengi, zinatoka ghalani. Mbegu ina kimeng'enya kinachoitwa fosfolipesi D. Mbegu nzima na kavu humfunga huyu mahali pake. Mbegu iliyovunjika wakati wa kupura, au iliyolowa mvua, au iliyolundikwa ikiwa mbichi ikapata joto, humfungulia, naye hukata kichwa cha fosfatidilikolini na kuacha asidi ya fosfatidi. Unakuta umebadilishiwa gundi rahisi kwa gundi ngumu kabla hujawasha mashine. Ukiona shehena moja ya alizeti inatoa mafuta yasiyosafishika na nyingine kutoka kijiji jirani haina shida, uliza ilivunwa lini, ilianikwa wapi, ilikaa kwenye magunia muda gani.

Chanzo cha pili ni maji unayoyatumia. Maji ya visima vingi vya kanda ya kati yana chumvi na ugumu. Ukiona birika linaota magamba meupe, umeliona tatizo. Unapotia maji hayo kwenye mafuta unaleta kalsiamu mpya kwa gundi ambayo ingetoka. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa, au maji yaliyolainishwa. Hili halina gharama kubwa na limesahaulika mno.

Kwa gundi ngumu iliyokwisha kuwamo, dawa ni asidi. Asidi ya sitriki ya chakula, gramu 1 hadi 2 kwa kilo ya mafuta, iyeyushe kwanza kwenye maji kidogo, kisha itie kwenye mafuta ya nyuzi 70 hadi 80. Koroga vizuri dakika 15 hadi 20. Sitriki inaikamata kalsiamu na kuinyang'anya kichwa cha fosfolipidi. Baada ya hapo tia maji asilimia 2 na uendelee kama nilivyoeleza juu. Viwanda vingi hutumia asidi ya fosforiki kwa kazi hiyohiyo, lakini kwa mashine ndogo sitriki ni salama zaidi kushika na ikizidi kidogo haileti balaa. Tumia sufuria au pipa la chuma kisichoshika kutu.

Kabla ya kulitibu pipa zima, jaribu kwenye chupa mbili za mafuta hayohayo: moja maji matupu, nyingine asidi na maji. Zote zikitoa tope sawa, huna gundi ngumu, usipoteze asidi. Ya asidi ikitoa zaidi kwa wazi, umepata jibu.

Dalili: nimetia maji, pipa zima limekuwa maziwa

Umefika upande wa pili wa safari. Miseli zilizovimba kupita kiasi huacha kuwa miseli. Matone makubwa ya maji hutawanyika ndani ya mafuta, na fosfolipidi zilezile huyavisha ganda linaloyazuia yasiungane. Miseli huwa imetulia kwa asili yake, hujijenga yenyewe na inaweza kukaa mwaka mzima. Mchanganyiko huu wa maziwa umelazimishwa kwa nguvu ya kukoroga, na kwa muda wa kutosha utajitenga. Shida ni kwamba muda huo unaweza kuwa siku nyingi.

Sababu za kawaida ni maji mengi mno, kukoroga kwa kasi muda mrefu, au sabuni iliyobaki kwenye pipa baada ya kuoshwa. Hii ya mwisho huwa haiwazwi kabisa. Sabuni kidogo tu iliyosalia kwenye kona za pipa inatosha kuharibu mkupuo mzima, kwa sababu ganda la fosfolipidi likichanganyika na sabuni huwa imara kuliko la kila mmoja peke yake. Suuza pipa kwa maji ya moto mpaka maji yasitoe povu hata kidogo, kisha likauke.

Kuyaokoa maziwa hayo: acha kukoroga. Pandisha joto hadi nyuzi 75 hadi 80 polepole. Yeyusha chumvi ya mezani kwenye maji ya moto, vijiko vya chakula viwili kwa lita moja ya maji, na umwagie juu kidogo kidogo kama asilimia 2 ya mafuta. Chumvi hupunguza msukumano wa chaji kati ya matone na kuyafanya yaungane. Funika, acha usiku. Mafuta yakishajitenga, yaoshe mara moja kwa maji matupu ya moto ili chumvi isibaki kutoboa mapipa ya chuma kwa kutu.

Dalili: povu kwenye karai, na rangi kugeuka

Povu linalopanda na kusimama ni alama ya safaktanti kwenye uso wa mafuta. Mvuke wa maji kutoka kwenye andazi au kiazi hutengeneza mapovu; mafuta safi huyaacha yapasuke, fosfolipidi na sabuni huyashikilia. Mama lishe anayelalamika kwamba mafuta yako yanafurika anakupa kipimo cha bure cha gundi. Mafuta yaliyotumika mara nyingi hupovuka pia, kwa vitu vilivyozaliwa na kuungua, kwa hiyo muulize kama ni ya mkupuo wa kwanza.

Rangi ya kahawia inayokuja haraka kwenye moto ina chanzo hichohicho kwa sehemu kubwa: fosfolipidi huungua mapema, na zile zenye amini kichwani huungana na vitu vilivyooksidika na kutoa rangi nyeusi. Hakuna kichujio wala mkaa utakaozuia hili iwapo gundi imebaki. Rudi kwenye maji na sitriki.

Dalili: mafuta yanachacha kabla ya wakati

Kwa muda mrefu watu walidhani oksidisheni ya mafuta hutokea pale oksijeni ya hewa inapokutana na uso wa mafuta ya juu. Siku hizi inaeleweka kwamba ndani ya mafuta ghafi kuna uso mwingine mkubwa mno, uliofichika: mpaka kati ya kidimbwi cha maji na mafuta kwenye kila miseli. Hapo hukutana wote wanaohitajika. Chuma na shaba, ambazo haziyeyuki kwenye mafuta, hukaa ndani ya maji ya miseli. Hidroperoksaidi, zao la kwanza la oksidisheni, zina upande unaopenda maji kuliko mafuta yenyewe, kwa hiyo nazo husogea mpakani. Chuma kikikutana na hidroperoksaidi, huivunja na kuzaa radikali, vipande vya molekuli vyenye ukali, zinazoshambulia mafuta mapya.

Asidi huria za mafuta, digliseridi na monogliseridi, yaani vipande vya molekuli za mafuta zilizovunjika, nazo hujipenyeza kwenye miseli hizo. Mafuta ya mbegu mbovu huanza mbio hizi yakiwa mbele.

Lazima niseme upande wa pili pia, kwa sababu ni kweli na una faida. Baadhi ya fosfolipidi hushirikiana na vitamini E ya alizeti, zikaisaidia kufanya kazi yake muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mafuta ya saladi yasiyopashwa moto, yenye gundi kidogo na makavu, hayajapotea. Kinachoyamaliza ni gundi pamoja na maji pamoja na metali.

Basi shughulikia metali. Usiweke koki wala bomba la shaba popote mafuta yanapopita, hata kama linapendeza. Codex inaruhusu shaba miligramu 0.4 tu kwa kilo katika mafuta ambayo hayajasafishwa kiwandani, na chuma miligramu 5. Badili vyuma vyenye kutu. Hifadhi mafuta gizani, dumu likiwa limejaa hadi juu, kifuniko kimekaza. Ukipata huduma ya maabara, omba kipimo cha peroksaidi: kiwango hichohicho kinaweka mwisho wa miliekwivalenti 15 za oksijeni hai kwa kilo kwa mafuta ya kukamuliwa, na 10 kwa yaliyosafishwa. Mafuta mapya kabisa yanapaswa kuwa chini sana ya hapo.

Dalili: nimepunguza asidi kwa kostiki, mafuta yana ladha ya sabuni

Kostiki soda hugeuza asidi huria kuwa sabuni. Sehemu kubwa huzama, lakini sabuni ni safaktanti hodari, na kiasi fulani hujenga miseli zake ndani ya mafuta, zikiwa na maji katikati na wakati mwingine kostiki yenyewe ndani ya maji hayo. Hizi ni hatari kuliko gundi kwa mlaji, na huziba udongo wa kung'arishia mafuta, ukajikuta unatumia udongo mara mbili kwa rangi ileile. Mafuta yaliyosafishwa hayatakiwi kuwa na sabuni zaidi ya asilimia 0.005.

Kipimo chake ni rahisi kwa mwenye duka la kemikali karibu. Weka matone machache ya bromofenoli buluu, rangi ya kupimia, kwenye asetoni yenye maji kidogo, tia mafuta, tikisa. Tabaka la juu likiwa la njano, hakuna sabuni ya kutisha. Likiwa la kijani au buluu, osha tena. Asetoni inashika moto upesi. Usilifanye hili karibu na jiko.

Kuosha ni maji laini ya moto, asilimia 10 ya mafuta, yote yakiwa nyuzi 85 hadi 90, kwa kukoroga kwa upole sana, kutulia, kumwaga maji ya chini, na kurudia. Maji magumu hapa ni kosa kubwa: sabuni ikikutana na kalsiamu hugeuka sabuni ya kalsiamu, isiyoyeyuka kwenye maji na isiyotoka kwa kuosha. Kwenye mkupuo wa mwisho tia sitriki kidogo, nusu gramu kwa lita ya maji. Asidi hiyo hurudisha haidrojeni kwenye kichwa cha sabuni, kichwa hupoteza chaji yake, na miseli hukosa kinachozishika pamoja.

Hapo sasa ndipo unakausha. Moto mdogo, kukoroga taratibu, joto lipande hadi nyuzi 100 au kuzidi kidogo, mpaka vipovu vidogo vya mvuke vikome kutoka chini ya pipa. Jaribu tena kwenye kijiko: pasiwe na mtatariko. Funika pipa kwa kitambaa kikavu mafuta yanapopoa, na usijaze madumu kabla hayajafika joto la mkono, maana mafuta ya moto yakifungiwa kwenye dumu hutoa jasho chini ya kifuniko, na jasho hilo litarudi ndani.